Ubavu wa Kassamali na Mguu wa Longino

Gitega, 20 Februari 2024

Kwako mjomba wangu Ilyasi,

Asalaam aleikum. Naanza kwa kukujulia hali, wewe na mkeo mama Nuru pamoja na goti lake. Sisi huku tuko, alhamdulillahi. Nadia wangu amekuwa wa tatu darasani, na anatembea kama aliyekuwa wa kwanza. Mbuzi tuliyemweka kwa ajili ya Idd amezaa mapacha, kwa hiyo hachinjwi tena, na sisi sasa ndio tunaofanya kazi kwake.

Ningekupigia simu, lakini we mwenyewe ulikataza mambo ya sheria kwenye simu. Ulisema simu ni upepo, karatasi ni ushahidi. Basi karatasi hii hapa.

Mjomba, nimeingia matatani kwa kumwokoa mtu.

Kassamali unamjua, yule mwenye duka la misumari na mabati. Mi nashona kwenye baraza yake, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumamosi tulikuwa harusini wote, watu mia mbili. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, na pazia katikati, ingawa pazia lenyewe watoto walikuwa wamelivuta likaanguka. Pilau ya mbuzi imeshuka. Mara nikasikia kimya upande wa wanaume. Kimya kwenye harusi yetu! Nikageuka. Kassamali amesimama, mikono shingoni, uso umekuwa rangi ya bilinganya. Dada yake, Rajbai, aliyekuwa amemletea achari, anampigapiga mgongoni na kulia, "Maji! Maji!" Watu wakaleta maji. Wengine wakaleta Fanta.

Mwaka jana mi nilikwenda Itaba na kikundi chetu cha washonaji, tukafundishwa huduma ya kwanza siku mbili. Sikufichi, nilifuata chakula cha mchana. Lakini mikono ilishika somo. Niliruka, nikamkumbatia kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, nikavuta ndani na juu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu nikasikia "ka!" na kipande cha nyama kikaruka, kikatua kwenye sinia la wageni wa Makebuko. Mzee mmoja hakuwa ameangalia. Alinyoosha mkono akichukue.

Kassamali akavuta pumzi. Vigelegele vikapigwa. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe ile "ka!" ilikuwa ubavu. Jana Rajbai alikuja na karatasi ya hospitali. Ana mashtaka matatu. Ubavu umepasuka. Meno ya bandia ya kaka yake, aliyomnunulia yeye mwenyewe Nairobi, yamepotea nilipokuwa namkamua. Na la tatu, mi mjane nimemkumbatia kaka yake mbele ya watu mia mbili. Anasema atanipeleka mbele ya sheria, nimejeruhi mtu.

Kassamali mwenyewe amekaa nyuma ya meza ya duka, amefungwa kifua kama mtoto mchanga. Anatazama dari. Hasemi neno.

Mjomba, we ulikuwa tiribinali, mahakamani, miaka kumi na tisa. Niambie sheria inasema nini juu ya mtu kama mi.

Mpwa wako,
Hidaya

---

Muyinga, 9 Machi 2024

Mpwa wangu Hidaya,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua yako ilikaa siku kumi na mbili Karuzi, ndani ya gari lililoishiwa esansi, na imenifikia ikinuka ndizi mbivu. Sisi ni wazima. Goti la Nuru linatabiri mvua kuliko redio. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atufikishe.

Nimeisoma kesi yako mara tatu, mara moja nikiwa nimesimama. Sikiliza ushauri wangu kwa makini. Kwanza, usikubali kosa. Pili, usikanushe tendo. Tatu, usinyamaze. Nne, usiseme sana. Ukifuata hayo manne kwa pamoja, hakuna atakayekuweza.

Kuhusu sheria yenyewe, ni jambo pana, lina milango mingi, na barua haitoshi. Itoshe kusema kwamba kwa miaka kumi na tisa niliona watu wengi wakiingia tiribinali wakiwa wasaidizi na kutoka wakiwa washtakiwa. Anayemgusa majeruhi wa kwanza ndiye anayeulizwa wa kwanza. Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara akiona ajali hufikiri kabla ya kunyoosha mkono. Sisemi ulikosea. Nasema tu kwamba kufikiri nako si dhambi.

Nina swali dogo, kwa ajili ya utafiti. Hao wengine mia moja tisini na nane, walioketi na kutazama, je, kuna aliyewauliza kitu? Je, polisi wametaka kujua ni nani alikuwa karibu na hakufanya lolote? Na kama mtu yupo karibu, lakini si karibu sana, inahesabiwaje? Nijibu hilo kwa kirefu.

Msalimie Nadia. Mwambie wa tatu si haba. Mimi siku hizi nakwenda sokoni kwa njia ya nyuma, inapanda kidogo lakini ina kivuli.

Mjomba wako,
Ilyasi

---

Gitega, 30 Machi 2024

Kwako mjomba,

Asalaam aleikum na saumu njema. Huku tunafunga vizuri, ila Nadia anauliza saa kila dakika kumi. Wale mapacha wa mbuzi wamekula kona ya msala wangu.

Ushauri wako wa manne nimeujaribu. Nilikwenda kwa Rajbai, sikukubali, sikukanusha, sikunyamaza na sikusema sana. Alinitazama akauliza kama naumwa.

Mjomba, nimeondolewa barazani. Rajbai alikuja asubuhi na mtu wa mkokoteni, cherehani yangu ikapandishwa juu kama mgonjwa. Sasa nashonea nyumbani, kati ya kitanda na jiko, na nguo za wateja zinatoka zikinuka vitunguu. Mwalimu mmoja amerudisha suti yake. Tena nimepata konvokasio: wazee wa katiye, wa mtaa wetu, wananiita tarehe 27 Aprili. Wakishindwa wao, dosie ya kesi inakwenda polisi.

Nimetafuta mashahidi. Watu mia mbili, mjomba! Huyu alikuwa anafunga kiatu. Yule alikuwa anachukua ndizi. Yule mzee wa Makebuko anasema aliona nyama, mtu hakumwona. Na wateja wangu, watu wazuri kabisa, wananishauri: "Hidaya, siku nyingine mwache tu, Mungu ndiye anayepanga."

Juzi Nadia kaniuliza, "Mama, mi nikimwona mtu anazama, nimwache?" Mi ni mama yake. Nilimtuma kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Swali lako la waliotazama sijalielewa. Hakuna aliyewauliza kitu, wanakula futari zao kwa amani. Kwa nini unawajali wao? Mi ndiye mwenye kesi. Na mama Nuru amenitumia salamu kwa mtu, amesema hiyo njia yako ya nyuma inakuchukua saa nzima na kivuli chenyewe ni mti mmoja. Njia ya mbele iko na nini?

Hidaya

---

Muyinga, 17 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Idd mubarak, ingawa itakufikia imepoa. Tumekula, tumeshiba, Nuru anakusalimu na anakanusha kwamba alituma salamu zozote.

Lazima nikwambie jambo ambalo familia yetu haijawahi kuniuliza, nami sikuona haja ya kulitangaza. Tiribinali sikuwa hakimu wala karani. Nilikuwa mwita majina. Nilisimama mlangoni nikaita, "Fulani bin Fulani!" na fulani akaingia. Sauti yangu ilisifiwa sana. Lakini kitabu cha sheria nilikuwa nakiona kwa nje tu.

Niliposoma habari ya Nadia na chumvi sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda kwa hakimu mmoja mstaafu, jirani yangu, nikaazima kitabu. Kiko kwa Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha Kigoma, kwa hiyo nilisoma siku sita. Nimekuta mambo mawili.

La kwanza: anayemdhuru mtu kidogo kwa kulazimika, ili kumwepusha na madhara makubwa yaliyo mbele yake, ana mahali pa kujitetea. Ubavu kwa roho, Hidaya! Waambie hivyo. Lakini kifungu kinachomtaja msaidizi wa njiani waziwazi, kikasema huyu asiguswe, asisumbuliwe, mimi sijakiona, na nimetafuta hadi nyuma ya jalada. Kwa hiyo utetezi wako unahitaji mtu wa kusimama na kusema alichokiona.

La pili nililikuta bila kulitafuta. Sheria inamwadhibu mtu aliyeweza kumsaidia mwenzake aliye hatarini, bila hatari kwake mwenyewe, naye akamwacha. Kifungo kimetajwa. Nilifunga kitabu nikaenda kuswali, kisha nikakifungua tena kuona kama bado kipo.

Kuhusu njia ya mbele, ina vumbi.

Ilyasi

---

Gitega, 5 Mei 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na safari hii salamu nafupisha kwa sababu nina habari.

Wazee walikaa tarehe 27 uani kwa mama Ursula, ambaye ndiye mkubwa wao katiye hii. Ni mama mfupi, mstaafu wa ualimu, na ukiongea bila ruhusa anakutazama mpaka unakumbuka makosa ya utotoni. Rajbai alikuja amevaa hariri. Kassamali alikaa pembeni yake, amefungwa kifua, macho juu. Mi nilikuja na barua yako mfukoni.

Rajbai akaanza. Ubavu. Meno. Heshima. Aliongea vizuri, mjomba, hata mi karibu nijihukumu. Halafu nami nikasema yale ya kwako: nililazimika, nilimpunguzia kikubwa kwa kidogo, ubavu kwa roho. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akaomba nirudie, aandike.

Mama Ursula akamgeukia Rajbai. "Mama, chagua. Kaka mwenye mbavu zote kamili, yuko kaburini. Au kaka mwenye ubavu mmoja mbovu, yuko mezani kwako. Unachukua yupi?"

Rajbai alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, mpaka Kassamali mwenyewe akashusha macho kutoka juu akamtazama dada yake.

"Nachukua wa mezani," Rajbai akasema. "Lakini awe na meno yake! Nilimnunulia Nairobi. Huyu mwanamke aliyaangusha, watu wakayakanyaga."

Hapo ndipo Kassamali alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Februari. "Meno hayakupotea," akasema. Sauti ndogo kama ya mtu anayeungama. "Yako dukani. Droo ya misumari ya inchi tatu."

"Yanafanya nini huko?" dada yake akauliza.

"Yananiuma, Rajbai. Yananiuma tangu siku ya kwanza. Nayavaa ukiwepo, nayavua ukitoka. Siku ya harusi niliyaacha. Ndiyo maana ile nyama niliimeza nzima." Akanigeukia. "Hidaya, nisamehe. Nilikuwa nakufa, nikakusikia mgongoni kwangu unahesabu moja, mbili, tatu, kama unapima kitambaa. Ningesema mapema, lakini ingebidi niseme na habari ya meno."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa, na watu wote wakageuka kunitazama mi.

Mama Ursula akasema kesi imefungwa, na nirudishwe barazani kabla ya jua kuzama. Akaongeza neno ambalo nimelishika: "Leo tukimwadhibu aliyenyoosha mkono, kesho tutakufa tukiwa tumezungukwa na watu." Jioni cherehani ilirudi kwa mkokoteni uleule.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie haraka. Siku ya tatu Rajbai alikuja barazani peke yake. Alisimama akishikashika vitambaa ambavyo hanunui. Kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Mikono yangu ilikataa. Nilikuwa naita maji. Wewe ulitoka upande wa pili ukaja. Ndiyo maana nilikuchukia." Akasema, "Nionyeshe." Basi nilimwonyesha kwa robota la kaniki. Alilikumbatia akalivuta kwa hasira mpaka kamba ikakatika.

Mjomba, nilipokuwa namsikiliza Rajbai nilikuwa nasikia barua zako. Nimeketi na karatasi zako zote mbili usiku huu. Mi sikuhukumu. Lakini niambie ulimwona nani kwenye njia ya mbele.

Hidaya wako

---

Muyinga, 2 Juni 2024

Hidaya, mwanangu,

Salamu ni nyingi, ila leo zikianza zitanipa mahali pa kujificha. Nuru hajambo. Basi.

Tarehe 11 Januari nilikuwa natoka Gasorwe kwa miguu, saa tisa alasiri. Mbele yangu kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi. Pikipiki ikaja kwa nyuma yangu kwa kasi, ikakwepa shimo, ikampiga mtu, baiskeli, ndizi, vyote. Mwenye pikipiki hakusimama. Nilimfahamu kwa koti lake. Ni Matata, anabeba abiria stendi yetu hapa. Mtu yule alilala kifudifudi ukingoni mwa barabara, na mguu wake wa kulia, Hidaya, ulikuwa unatazama mahali ambapo mguu hautazami.

Nilifika karibu naye. Nilisimama. Nikafikiri, na unajua ninavyofikiri. Nikasema, mimi ni mtu wa tiribinali, nikimgusa nitaandikwa jina. Nikasema, atakuja mwingine. Nikasema, alasiri itanipita. Niliondoka. Nilipofika msikitini walikuwa bado hawajaadhini. Nilikaa nikiwasubiri, na muda ule wa kusubiri ungetosha kumfunga mguu na kumletea maji.

Mwingine alikuja kweli. Mama mmoja mzee, Kasilda, alikuwa shambani anang'oa maharage bondeni. Alichukua vijiti viwili vya kusimikia maharage, akapanda barabarani, akararua kitenge chake, akamfunga yule mtu mguu, akakaa naye akimpepea mpaka gari likapatikana. Mtu huyo anaitwa Longino. Yuko hai.

Sasa sikia kilichofuata. Matata alipofuatwa alisema yeye alimgusa tu kidogo, mguu uliteguka tu, na aliyeuvunja ni huyu bibi kwa kuufunga bila elimu. Longino akisema ulivunjika kabla, Matata anasema Longino alikuwa amezimia, atajuaje? Kasilda ameitwa na afisa wa polisi mara nne, akaacha shamba lake, anashuka kwa miguu na kupanda kwa miguu. Mara ya mwisho nilimwona akitoka pale amebeba viatu mkononi. Hakuna shahidi. Shahidi yupo mmoja tu, anapita njia ya nyuma asikutane nao.

Nikisema niliuona mguu kabla Kasilda hajafika, wataniuliza, wewe ulikuwa wapi? Na jibu la swali hilo lina kifungu chake, nimekisoma mara kumi na nne. Nina miaka sitini na sita. Nuru hajui. Au anajua, maana siku hizi ananiandalia chai bila kuniuliza kama nataka.

Nilikushauri usikubali na usikanushe. Mimi ndivyo nilivyoishi tangu Januari, na nakwambia ni kazi kubwa kuliko kushona.

Ilyasi

---

Gitega, 13 Juni 2024

Mjomba,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika leo, nakujibu leo, dereva anasubiri na injini inawaka, na esansi unaijua.

Sikudharau. Nilidhani nitakudharau, nikajipima, sikuona. Rajbai naye mikono ilikataa, na sasa ananiletea achari.

Lakini yule mama anapanda na kushuka, mjomba. Mi nilikuwa na watu mia mbili hakuna aliyesema, najua inavyokuwa. Yeye ana mmoja, na ni damu yangu.

Nenda. Ukifungwa nitakuletea chakula, nitashona hata sare ya gereza ikukae vizuri. Nenda kabla ya Idd kubwa, uchinje ukiwa mwepesi.

H.

---

Muyinga, 28 Julai 2024

Mpwa wangu Hidaya,

Asalaam aleikum warahmatullah wabarakatuh. Tunakujulia hali wewe na Nadia, na hao mbuzi wanaokula misala. Nuru ni mzima. Goti lake kwa mara ya kwanza limekosea mvua, na amenuna nalo. Nisamehe kwa kuchelewa. Utaona nilikuwa na shughuli.

Sikwenda kabla ya Idd. Nilifika mlangoni siku ya Ijumaa, nikarudi. Nilikwenda Jumanne baada ya Idd, na Nuru alinisindikiza, maana nilipomweleza alisema tu, "Vaa kofia nzuri." Siku hiyo walikuwepo wote: Kasilda, Matata na koti lake, na Longino amekaa kwenye benchi na magongo yake mawili.

Nilimwambia afisa kwamba nimekuja kutoa ushahidi. Nikaeleza pikipiki, shimo, ndizi, mguu ulivyokuwa umegeuka, na kwamba mama huyu hakuwepo bado, alikuja baadaye akakuta umekwisha kuvunjika. Afisa aliandika yote. Kisha akainua kichwa.

"Na wewe, mzee, ulifanya nini?"

"Niliondoka."

Kalamu ikasimama. "Uliondoka?"

"Andika," nikamwambia. "Alisimama, akamtazama, akaondoka."

"Unajua kwamba hilo lina kifungu?"

"Nakijua. Ukitaka nitakusomea."

Ndipo Longino akacheka. Hidaya, sikutegemea mtu acheke. Alinyoosha gongo akagusa kiatu changu cha kushoto, kile nilichokishona kwa uzi wa buluu. "Ni hiki!" akamwambia afisa. "Sikuzimia hata kidogo. Nililala uso chini nikaona viatu vinakuja, vinasimama, vinaondoka. Kimoja kina uzi wa buluu. Miezi mitano nimekuwa nikitazama miguu ya watu wa Muyinga yote. Nimewatazama mpaka mapadri."

"Mbona hukusema?" afisa akamuuliza.

"Ningesema nini? Kwamba nina shahidi, ila namjua kuanzia kifundo kwenda chini?"

Hata afisa alifunika mdomo. Matata hakucheka. Koti alikuwa amelivua.

Mambo yaliishia hivi. Kasilda aliambiwa aende nyumbani kwake na asiitwe tena. Afisa alisimama kumwambia hivyo, hakumwambia akiwa amekaa, nami niliona. Mama yule aliuliza kama ana hakika, maana maharage ya msimu mmoja yalikwisha mharibikia kwa kuitwa. Matata dosie yake imepanda tiribinali, matibabu ni juu yake. Ya kwangu haijapanda, afisa ameiweka upande wa kushoto wa meza. Alimuuliza Longino kama anataka kunishtaki. Longino akafikiri, naye anafikiri polepole kama mimi. Akasema, "Huyu mzee ana miguu miwili mizima. Mniazime."

Kwa hiyo sasa kila Jumanne na Ijumaa naamka mapema, nakwenda kwa Longino, nampandisha kwenye baiskeli yake ileile, naisukuma mpaka kituo cha afya anakofundishwa kutembea upya. Ni kilomita tatu, na mlima uko wakati wa kwenda na, sijui kwa nini, wakati wa kurudi pia. Napita njia ya mbele. Watu wananiuliza, "Mzee Ilyasi, huyo ni nani wako?" Siku za kwanza nilikuwa naeleza yote tangu Januari. Sasa nasema ni mtu wangu.

Wazee wa hapa wamenisikia nikieleza vile vifungu viwili, wakaniomba nivisome kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili na Kirundi, ili watu wajue kwamba kumwacha mtu ni kosa, na wajue pia la kusema wakishitakiwa kwa kumsaidia. Nilisoma kwa sauti yangu ya mlangoni. Mtu mmoja aliuliza kwa nini basi isiandikwe sheria moja iliyo wazi, iseme anayesaidia kwa nia njema aachwe. Nilisema swali hilo liandikwe, likaandikwa.

Juzi Ijumaa Longino aliacha magongo ukutani. Daktari alisema ajaribu hatua tano kuja kwangu, na Kasilda alikuwa amekuja kutazama kazi ya vijiti vyake. Akapiga ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, uso umejaa jasho. Ya nne. Ya tano mguu ukakataa, akaja mzimamzima, mtu mzito wa mabega ya kubeba ndizi, na mimi nilikuwa peke yangu mbele yake.

Nilinyoosha mikono. Tulianguka pamoja, mimi chini yeye juu, na Kasilda alitucheka mpaka akakaa chini mwenyewe. Mgongo unaniuma tangu hapo, Nuru ananikanda kwa mafuta ya ng'ombe, na sijawahi kufurahia maumivu namna hii.

Mjomba wako,
Ilyasi